Jibu: Je, Chris Froome alikuwa Mkenya kweli?

Mkuu, umeuliza kama Froome, yule bingwa wa mbio za baiskeli, ni wa kwetu au ni porojo za vijiweni. Ni kweli. Kazaliwa Nairobi mwaka 1985, wazazi wenye asili ya Uingereza, na aliyemnoa utotoni ni David Kinjah, yule rasta wa Kikuyu.

Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka huohuo alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya baiskeli ya vijana, Salzburg, Austria. Unajua alijisajili vipi? Aliingia kwenye barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya, akaandika kwa jina la chama! Siku ya mbio, sekunde chache tu baada ya kuanza, akamgonga msimamizi, wote chini. Leseni ya kushindana kwa niaba ya Uingereza alichukua 2008, na kwa hali ya chama ilivyokuwa, mimi simlaumu.

Watu wengi hawajui kwamba mwaka 2010 alikutwa na kichocho, ugonjwa tunaoujua vizuri huku. Akatibiwa, kisha akatwaa Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Ile ya 2016 baiskeli ilivunjika mlimani Ventoux, jamaa akapanda kwa miguu, anakimbia na viatu vya baiskeli!

Juni 2019 aligonga ukuta akikagua njia ya mbio Ufaransa, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi barabarani, lakini ushindi mkubwa hakuupata tena.