Maswali yenu: vituo vya pamoja vya polisi huku Marekani, hela ni ya nani?

Kaunti yetu inataka kituo kimoja cha kufuatilia uhalifu kwa polisi wa miji kadhaa. Ni kitu gani hasa?

Ni chumba chenye ukuta mzima wa skrini, wachambuzi wamekaa humo wanaangalia kamera za barabarani, mashine zinazosoma namba za magari na simu za dharura za 911 zikiingia, halafu wanawaambia askari walioko nje gari limeelekea wapi. New York walifungua chao 2005. Mji mdogo haukiwezi peke yake ndo maana wanachangishana.

Si wanasema ni ruzuku, sisi hatulipi?

Jamani mnalipa! Ruzuku ya Wizara ya Usalama wa Ndani ni kodi yenu, na zile dola bilioni 350 za korona walizopewa majimbo na miji 2021 ni kodi yenu pia, na kuna miji ilizipeleka kwenye teknolojia ya polisi. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ruzuku ina mwisho, inanunua skrini na kamera vizuri tu, ila leseni ya programu inalipiwa kila mwaka, wachambuzi wanataka mshahara kila mwezi, na hapo mzigo unaangukia bajeti ya mji, ile ile ya maktaba na barabara. Ombeni bajeti ya mwaka wa tano, sio ya mwaka wa kwanza.

Kuna mtu aliwahi kukagua hizi hela?

Ndiyo. 2012 kamati ndogo ya Seneti ilichunguza vituo vya kuunganisha taarifa za polisi na za serikali kuu, ndugu wa hivi, vilivyoanzishwa baada ya Septemba 11. Wizara yenyewe ilikadiria imetumia kati ya dola milioni 289 na bilioni 1.4. Hebu tazama hilo pengo, zaidi ya bilioni moja hawajui! Kituo cha San Diego kilinunua TV 55 kwa karibu dola 75,000, walipobanwa za nini, wakasema kuangalia taarifa ya habari. Inaniuma sana.

Mimi sina kesi yoyote, niogope nini?

Mashine inarekodi namba ya kila gari, la mwizi na lako. Na Juni 2020 gigabaiti 269 za mafaili ya polisi zilivuja, mengi yakitoka kwenye vile vituo vya kuunganisha taarifa, na humo mlikuwa na majina ya watu, simu, hadi akaunti za benki.

Sina uraia, naruhusiwa kuongea kwenye kikao cha baraza?

Mara nyingi hawaulizi uraia, unajiandikisha tu unapewa dakika zako. Nenda mapema, omba mkataba wa miji kushirikiana uwekwe hadharani kabla hawajapiga kura, uonekane nani anaruhusiwa kuona data na inafutwa baada ya siku ngapi.