Saa 9 na nusu zilizogeuka 7:12

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikipokea faili la Excel la mahudhurio lililoandaliwa na wenzetu wa Helsinki, nami hapa Dar es Salaam nikilijumlisha kwa ajili ya malipo. Siku moja mfanyakazi alinipigia simu akilalamika kwamba siku aliyoingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 na nusu jioni alihesabiwa 7:12, ilhali siku aliyoaga mapema, saa 11 kasorobo, alihesabiwa 10:48. Nilidhani anatania, mpaka nilipofungua faili.

Wafini hutenganisha saa na dakika kwa nukta, kwa hiyo seli zilikuwa na 8.00 na 17.30, zote zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi. Kwenye kompyuta za Helsinki fomula =C2-B2 ilitoa 9:30 bila tatizo, kwa kuwa mipangilio ya eneo huko huitambua nukta hiyo kuwa alama ya muda. Kompyuta yangu, iliyowekwa Kiingereza, iliisoma kama nukta ya desimali na kupata 9.3. Excel huhesabu siku nzima kuwa 1, basi hizo zilikuwa siku 9 na sehemu 0.3 ya siku. Mwonekano wa h:mm ukazificha siku 9 na kunionyesha hiyo 0.3 tu, yaani saa 7 na dakika 12. Afadhali ingeniletea #VALUE!, alama ya kosa ya Excel, ningeshtuka mapema.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kubadilisha mwonekano wa seli kuwa wa muda, na nakushauri usipoteze asubuhi yako hivyo, kwa sababu maandishi hubaki maandishi hata ukiyavalisha mwonekano gani. Kabla ya kukokotoa chochote, linganisha =COUNT(B2:B32) na =COUNTA(B2:B32): ya kwanza huhesabu namba peke yake, ya pili kila seli isiyo tupu, na kwangu ya kwanza ilitoa 0 wakati ya pili ilitoa 31. Maandishi pia hukaa kushoto mwa seli na namba kulia, isipokuwa kama mpenda unadhifu ameshapanga safu yote katikati.

Sikutumia TIMEVALUE, fomula ya kugeuza maandishi kuwa muda, kwa kuwa nayo huyasoma maandishi kwa kufuata mipangilio ya kompyuta husika. Nilivunja maandishi mwenyewe: =TIME(LEFT(B2,LEN(B2)-3),RIGHT(B2,2),0). Fomula hii haijali kama katikati pana nukta au nukta mbili, mradi dakika ziwe na tarakimu mbili na pasiwe na nafasi mwishoni. Nafasi isiyokatika (non-breaking space), ambayo TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, haiiondoi, nilikutana nayo kwenye safu 6, nikaiondoa kwa SUBSTITUTE na UNICHAR(160). Jumla ya mwezi iweke kwenye mwonekano wa [h]:mm, la sivyo kila saa 24 zitamezwa. Ukimtumia mwenzako wa Ufini fomula kwa barua pepe, mkumbushe aweke nuktamkato badala ya mkato. Ndani ya faili lenyewe Excel hubadilisha yenyewe.

Kuna kosa moja ambalo ukaguzi huu wote haukulinasa. Mlinzi wetu, anayejaza fomu kwa mkono, aliandika 2:00 kwa maana ya saa 2 asubuhi, karani akaiingiza vilevile, na Excel ikaipokea kama muda halali kabisa wa saa 8 usiku. Hapo nilimfuata getini kumwuliza.