Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: kabla hujapiga lipu ya saruji, soma yaliyotukuta

Mkuu, umeuliza kama ubandue chokaa yote kwenye nyumba mliyoachiwa na babu hapo Mji Mkongwe, Zanzibar, upige lipu ya saruji, kisha utoe boriti za dari umwage zege. Usimpe fundi hata shilingi kwanza.

Nyumba yetu ipo mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, boriti za mikoko. Bibi aliingia kama mpangaji wa chumba kimoja, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilipochukuliwa na Serikali na kugawiwa familia kadhaa. Baba akaja kuinunua miaka ya tisini. Ukuta wa chini ulikuwa unapukutika, akaupiga saruji mpaka usawa wa kifua. Ukapendeza kweli, majirani wakaja kuchungulia.

Haikupita miaka minne, unyevu ukatokea ukutani, juu zaidi ya pale lipu ilipoishia, na chumvi ikachanua kama unga wa ngano. Maji hupanda kutoka ardhini. Chokaa huyaacha yatoke popote. Saruji imeyazibia, basi yanazidi kupanda mpaka yapate upenyo. Yetu yalizifikia ncha za boriti ndani ya ukuta. Kwa nje boriti nzima kabisa, lakini ukiichokoa kwa bisibisi inazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Tulipobandua ile saruji ndipo nikajua nyumba yenyewe haijawahi kutulia. Kulikuwa na chokaa ya buluu, chini yake ya waridi, chini yake nyeupe. Vidaka viwili, yaani vishubaka vya ukutani, vilizibwa kwa udongo na makopo ya maziwa matupu. Baraza ilikatwa chumba cha mbele kilipogeuzwa duka. Sina ugomvi na mabadiliko hayo, maana makopo tuliyatoa kwa mkono asubuhi moja. Lakini saruji iling'oka na vipande vya mawe.

Zege ndiyo usiifikirie kabisa. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti yenyewe haizidi sana mita tatu, na kuta zilijengwa kubeba dari ya namna hiyo. Jirani yetu alimwaga zege ghorofani, sasa ana ufa unaoingia kiganja. Badilisha boriti zilizooza tu, moja moja.

Lipu ibandue pale ilipo saruji, uache ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha tafuta mzee anayejua chokaa ya kulowekwa. Wapo, ila wana foleni. Kibali utakipata Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe; mji upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, usijenge kwa kujificha.

Na kama kuna choo ghorofani, anzia hapo. Sisi tulilaumu ardhi miaka yote, kumbe nusu ya maji ya ukuta wa nyuma yalikuwa ya bomba la choo cha juu.