Kabla hujachora kisanduku cha kwanza

Msanifu wa programu anaweza kufanya kazi miaka mingi na bado akapata nafasi chache tu za kubuni mfumo mkubwa tangu mwanzo. Mtaalamu wa programu Ted Neward aliliona pengo hilo, akabuni mazoezi ambayo timu ndogo hupewa tatizo na muda mfupi wa kulisanifu, kisha husimama mbele ya wenzao kutetea walichobuni. Wewe unayeanza, tafuta wenzako wanne hivi mfanye mazoezi haya mara kwa mara.

Wageni wengi huwahi mno kushika kalamu. Dakika chache tu, ubao umejaa visanduku vya huduma ndogondogo (programu ndogo zinazojitegemea) na foleni za ujumbe zinazoziunganisha, na hakuna aliyeuliza mfumo utatumiwa na watu wangapi.

Chukua mfumo wa kuuza tiketi za tamasha, unaotarajia maombi milioni moja kwa siku, yaani mara ambazo watumiaji wanaiomba seva kitu. Idadi inatisha, lakini siku ina sekunde 86,400. Ukigawanya, unapata wastani wa maombi 12 hivi kwa sekunde, mzigo ambao kwa kawaida seva moja na hifadhidata moja huubeba bila taabu. Visanduku vingi vinafutika hapo hapo. Ila sasa uliza: maombi hayo yanakuja lini? Nusu yake yakimiminika katika dakika kumi za kwanza za mauzo, ni zaidi ya 830 kwa sekunde, na yote yanagombea viti vilevile. Tatizo limegeuka. Linalowasumbua sasa ni watu wawili kubofya kiti kimoja kwa wakati mmoja. Kiti kinashikiliwa kwa muda gani wakati mnunuzi analipa? Muda huo ukiisha, kiti kikauzwa kwa mwingine, halafu malipo ya yule wa kwanza yakaingia? Kwangu mimi usanifu wenyewe uko hapa, na mchoro hauwezi kuyajibu haya kama hamjayazungumza.

Fanyeni hesabu pia pale mteja anaposema mfumo usizime kamwe. Upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambayo mfumo uko hewani, ukiwa 99.9% unaruhusu kuzima kwa takriban saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, 99.99% unaruhusu dakika 53 hivi. Kati ya viwango hivyo kuna tofauti kubwa ya gharama, na mteja ana haki ya kuijua kabla hajachagua.

Kila uamuzi mzito uandikeni. Mtindo wa kuandika maamuzi aliouelezea mtaalamu wa programu Michael Nygard mwaka 2011 unatosha: muktadha, uamuzi, matokeo. Kwenye matokeo, andikeni mnachokipoteza. Uamuzi usioonyesha hasara yoyote, mimi huuchukulia kuwa haujafikiriwa vya kutosha.

Siku ya kutetea, msimpeleke mbele msemaji hodari kila mara. Mpelekeni aliyekuwa akiipinga njia mliyoichagua. Akiweza kuieleza kwa haki, timu nzima imeielewa.

Halafu rudieni tatizo lile lile mkibadilisha sharti moja. Kwa mfano, tiketi zisiwe na namba za viti. Inaonekana mmerahisishiwa kazi, kumbe wanunuzi wote sasa wanagombea kihesabu kimoja cha tiketi zilizobaki. Mkikifunga, yaani kukizuia kwa mnunuzi mmoja hadi amalize, kama mlivyokuwa mkifunga kiti kimoja kimoja, kila mnunuzi atamsubiri mwenzake, na itabidi mwanze upya kujadiliana.