Nasoma biashara, nichague hesabu ipi mwaka wa kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naanza digrii ya biashara semista ijayo, sasa kwenye kuchagua kozi nimekuta hesabu za aina tatu na natakiwa kuchukua moja tu. Kuna kalkulasi ya wanafunzi wa biashara, kuna kalkulasi ile ya watu wa sayansi na uhandisi, halafu kuna nyingine haina kalkulasi kabisa, ni matriksi, riba na probabiliti. Sekondari hesabu nilikuwa wa kati tu. Kaka yangu ananiambia chukua nyepesi ulinde alama zako, rafiki yangu anasema nikichukua nyepesi nitajuta. Na bado sijaamua kama nitaenda upande wa fedha au masoko. Naomba msaada, nimechanganyikiwa kweli.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuingia chuo. Kaka yako ana hoja na rafiki yako pia ana hoja, ila wote wawili wamekaa kwenye ugumu tu, mimi nakuomba kwanza uangalie kila kozi inakufungulia milango gani huko mbele. Vyuo vingi haviikubali kalkulasi ya biashara kama njia ya kuingia kalkulasi ya pili, yaani mwaka wa pili ukija kupenda uchumi wa hesabu nyingi au aktuaria, yaani hesabu za hatari kama zile za bima, unaambiwa rudi mwanzo, na hapo semista nzima imekwenda. Kinyume chake kwa kawaida hakuna tabu, mwenye kalkulasi ya sayansi anaruhusiwa kuitumia kwenye digrii ya biashara. Lakini usinichukulie mimi neno langu, fungua kitabu cha mwongozo cha chuo chako usome sharti la kila kozi unayoitamani, na kama hapaeleweki nenda idarani ukaulize, ndiyo kazi yao.

Sasa hii kalkulasi yenyewe watu wanaiogopa jina tu. Chukulia unatengeneza kitu, kila kimoja kinakugharimu 20, na kuna gharama ya kudumu 500 uuze usiuze. Wateja nao wako hivi, ukitaka kuuza vipande q basi bei lazima ishuke mpaka 100 − 2q. Mapato yako ni bei mara idadi, yaani 100q − 2q². Kalkulasi inachokuuliza ni kwamba ukiongeza uuzaji kidogo kutoka hapo ulipo, mapato yanapanda kwa kasi gani? Jibu, kwa kanuni utakazofundishwa humo, ni 100 − 4q. Maadamu kasi hiyo iko juu ya 20 unaendelea kupata, ikishuka chini ya 20 unajikata mwenyewe, kwa hiyo unasimama pale zinapolingana: 100 − 4q = 20, q ni 20, bei ni 60, faida ni 300. Sasa shika kalamu ujaribu kuuza 19, halafu 21, utaona zote zinakupa 298. Mimi hapo ndipo ninapoipenda hii kozi, maana umepata sehemu ya kusimama bila kubahatisha bei moja moja, na ukifika kwenye somo la uchumi utakuta mhadhiri anaongea hayo hayo wiki baada ya wiki.

Ile ya sayansi inafundisha hayo pia ila inaongeza trigonometria, limiti kwa undani, na uthibitisho wa kwa nini fomula ni kweli, na mifano mingi ni ya fizikia. Ile isiyo na kalkulasi usiidharau, riba na probabiliti ni mambo ya kila siku kwenye biashara, tatizo ni kwamba mara nyingi haitoshi kwa anayetaka kubobea kwenye fedha, na wewe mwenyewe unasema fedha bado unaifikiria.

Kwa hali yako mimi ningechukua kalkulasi ya biashara, halafu takwimu semista inayofuata bila kuiahirisha. Takwimu ndiyo utakayoitumia zaidi ukiwa masoko, ukiwa fedha, ukiwa popote. Ila kama moyoni unafikiria masta ya uchumi au hiyo aktuaria, hata kama ni wazo dogo tu, basi ingia ya sayansi sasa hivi, wenzako wa kule watakuja kuulizwa kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya matriksi na huwezi kufika huko kwa njia ya mkato.

Na jambo moja nakusihi sana, wanaofeli kalkulasi wengi wanaangushwa na aljebra ya sekondari, kalkulasi yenyewe hata hawajaifikia. Kabla ya semista kuanza chukua karatasi, usishike kikokotoo, ufungue mabano, ujumlishe sehemu zenye herufi chini, ufanye vipeo hasi na logi. Ukikwama kwenye kimoja rudia hicho hicho mpaka mkono uzoee, una muda bado.

SWALI: Mimi tayari niko ndani ya kalkulasi ya sayansi, nasoma uhasibu, jaribio la kwanza nimepata 34 kwa 100. Nitoke nihamie ya biashara?

JIBU: Pole mdogo wangu. Usiamue leo ukiwa na uchungu, ila usikae sana pia kwa sababu kuna tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi bila kuachwa na alama ya kufeli, itafute hiyo tarehe kwanza. Halafu pitia karatasi yako swali kwa swali uandike pembeni alama zimepotelea wapi. Kama ni mabano na alama za kutoa, kuhama hakutakusaidia, hata kule yapo, utafute wa kukaa naye mfanye aljebra. Kama ni trigonometria na uthibitisho, na uhasibu ndiko unakobaki, basi hama kwa amani, mhasibu hahitaji sine na kosine. Nenda na hiyo karatasi kwa mhadhiri kwenye saa zake za kuonana na wanafunzi, umwonyeshe ulichoandika pembeni.