Jalada si ukuta wa picha za wakubwa

Toleo la kwanza la jarida letu la shule, hapa Amu, yaani Lamu, liliishia kwa mama muuza mahamri. Nakala 200 tulizichapisha Malindi, zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavushwa kwa boti, na wanafunzi wakanunua chache hata naona haya kuzitaja. Zilizobaki mama akafungia mahamri, tena kwa kurasa za ndani tu. Jalada lilikuwa karatasi ya kung'aa isiyofyonza mafuta, kwa hiyo hata huko halikufaa.

Kosa lilikuwa langu, mimi mlezi wa chama cha waandishi. Juu niliweka picha ya wanabodi wakiwa wamejipanga mbele ya ofisi, chini yake nembo, kaulimbiu ya shule, salamu za mwaka na orodha ya makala tisa. Wakubwa walifurahi. Binti mmoja wa Kidato cha Pili akalishika, akaligeuza, akalirudisha mezani: "Mwalimu, la wazee hili." Alilisoma sawasawa. Hakuna mtoto atoaye shilingi 50 ya chapati kununua mkutano wa bodi.

Toleo la pili tukamweka mmoja wao. Kijana wa Kidato cha Tatu ambaye likizo huongoza punda wa mchanga. Tulimpiga picha uwanjani Mkunguni asubuhi mapema, kabla jua halijapanda likamtia kivuli machoni. Kidevu chake ki karibu na sikio la punda, na wote wawili wanakutazama. Si jambo jipya hata kidogo. Wanaokumbuka jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, wanajua mhusika wake alikuwa mwananchi wa kawaida tu, na msomaji alijiona palepale.

Vita vilikuja kwenye maneno. Wanafunzi walitaka jalada liandikwe "Hesabu yatuuma kitwa", yaani kichwa kwa Kiamu, lahaja yetu. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili akaja juu: mtihani hausahihishwi kwa Kiamu, mtawapotosha watoto. Nikamkumbusha kwamba Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake kwa lugha ya huku huku, na sisi sote twamheshimu. Hakuridhika sana. Tukaafikiana kwamba ndani mambo yote yatakuwa sanifu, nje tuachiwe kitwa chetu. Na ndilo neno lililouza. Siku ile jarida lilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, walisimama wakilisoma kwa sauti na kucheka, maana hawajazoea kuona maneno ya nyumbani yamepigwa chapa kubwa namna ile. Kama wewe uko Malindi au Kilifi, tafuta neno ambalo watoto wako hulisema wakitoka darasani. Usiwatungie lugha ya vijana ukiwa umekaa ofisini. Wataijua tu kwamba ni ya mwalimu.

Maandishi mengine tulibakisha mawili, madogo. Yale tisa ya kwanza yalikuwa yanazomeana. Jaribio langu ni la kienyeji: naweka nakala ya mfano sakafuni barazani, narudi nyuma hatua kumi. Nisichokisoma hapo nakifuta.

Ya kiufundi nayasema haraka, kwa vile yalinigharimu. Herufi nyeupe juu ya kanzu nyeupe hazionekani. Nilizipanga hivyo, nikashangaa. Bahari iliyong'aa kwenye kompyuta ilitoka kama maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa skrini hutoa mwanga ilhali mashine huchanganya wino wa rangi nne, na buluu kali nyingine wino hauzifikii. Lipa nakala moja ya majaribio kabla ya zote. Tena picha ivuke ukingo wa karatasi kwa milimita 3 kila upande, na maneno yakae mbali na ukingo huo. Fundi akikata, kisu hakiulizi. Sisi kilitukatia herufi ya mwisho ya jina la jarida.

Jambo moja lisilofanyiwa mzaha ni ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha ya uso ni mojawapo. Hata bila sheria, mji huu ni mdogo. Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa yule kijana, nikamwonyesha jalada lilivyo, maneno na yote, ndipo akatia sahihi.

Mwenye punda hatukumwuliza. Alikuja shuleni wiki ya pili, amenuna, nikajua leo nimepatikana. Kumbe alitaka nakala yake, na zote zilikwisha. Nikampa ile ya kwangu.