Usipande hata shina moja la mafunjo kabla hujamwaga maji shimoni

Mkuu wa Kisesa, weka jembe chini kwanza. Eti maji ya banda la nguruwe uyapitishe kwenye kidimbwi cha mafunjo, "udongo uchuje wenyewe", halafu kisima kilicho mita 15 chini yake kitakate? Maneno hayo hayo niliuziwa mimi hapa Buswelu, Mwanza, kwa milioni mbili na laki tatu.

Jamaa alikuja na fulana ya mradi na picha za Ulaya kwenye simu. Mafunjo yanakunywa uchafu wote, akasema. Udongo wangu hakuugusa hata kwa kidole cha mguu. Tukachimba, tukamwaga kokoto, tukapanda. Yakastawi mpaka majirani wakawa wanakuja kupigia picha. Nami natamba: maji hayatuami, mbu hakuna! Kumbe hayatuami kwa sababu yanazama moja kwa moja kuelekea kisimani. Cheka tu, mke wangu alishaanza.

Mafunjo hayanywi uchafu wote. Kazi nyingine kubwa ni ya bakteria waliojishika kwenye mizizi na kokoto, nao wanataka maji yakae siku kadhaa. Mkojo wa mifugo hugeuka naitreti, chumvi ya naitrojeni inayoyeyuka majini. Hiyo naitreti ikikutana na tope lisilo na hewa lenye majani yaliyooza, bakteria wanaigeuza gesi ya naitrojeni, inapaa zake. Sasa udongo wetu wa mlimani ni mawe yale yale ya Bismarck, ule mwamba wa ziwani, yaliyooza yakawa changarawe. Maji yanapita kwa saa chache tu, bakteria hata hawajaamka. Na naitreti haing'ang'anii udongo kama inavyofanya fosfeti (chumvi ya fosforasi), inasafiri na maji.

Maabara ikasoma naitreti 96 mg kwa lita kwenye maji ya kisima changu. Kikomo cha WHO ni 50. Mama mkwe akasema tuchemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Naitreti inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Ndani tulikuwa na mtoto wa miezi miwili wa maziwa ya kopo, na kwa mtoto wa umri huo naitreti nyingi inaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni ya kutosha. Hapo sina utani. Yule jamaa simu yake haipatikani mpaka leo.

Chimba shimo la kina cha mkono mzima pale pale unapotaka kupanda. Lijaze maji jioni, asubuhi lijaze tena, chomeka kijiti chenye alama, tazama saa. Langu, nilipolipima nikiwa nimeshaliwa, ndoo mbili zilikwisha kabla ya kikombe cha chai. Ukiona hivyo, tandika nailoni nzito chini na kuta zote, au shindilia mfinyanzi, ndipo kokoto. (Ule mweusi wa mbugani ukikauka unapasuka, usiuache bila maji.) Nimetandika upya, sasa maji yanatoka upande wa pili baada ya siku tano. Kisima bado ni cha kumwagilia mchicha. Ya kunywa tunanunua ya bomba.

Uliuliza pia idadi ya miche, na sijui nini kuhusu kuuza mikeka. Baadaye. Leta kwanza picha ya kijiti, na saa ionekane.